Finishi ya mninga wenye rangi mbili: namna ya kuchagua na kupaka

Pasua gogo la mninga utaona rangi zaidi ya moja. Kiini kinaweza kuwa cha asali, cha kahawia au kinachoelekea chokoleti, mara nyingi kikiwa na mistari myekundu ndani yake. Pembeni, karibu na gome, kuna ukanda wa weupe unaokaribia manjano. Mti mmoja hutoa mbao zisizofanana, na mbao za miti miwili ndizo kabisa. Ukiunga mbao nne kuwa uso wa meza ya chakula, una rangi tano au sita mbele yako kabla hujafungua kopo lolote.

Hapo ndipo watu huuliza wapake vanishi gani isawazishe rangi. Vanishi isiyo na rangi haisawazishi kitu. Huilowesha mbao, na mbao iliyolowa huonyesha rangi yake yote: kiini kinakolea sana, weupe unakolea kidogo tu, na pengo lililoonekana dogo kwenye mbao kavu yenye vumbi la msasa linakuwa kubwa. Kwa hiyo amua kwanza unataka kulifanya nini pengo hilo: uliache lionekane, ulipunguze, au ulifunike. Ukishaamua, kuchagua kopo ni rahisi.

Kipimo cha spiriti

Kabla ya kununua chochote, piga mbao zote randa au msasa namba 120, zipange sakafuni mahali penye mwanga wa mchana, kisha zipanguse kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa spiriti. Kwa sekunde chache kabla spiriti haijaruka, mbao inaonyesha takribani rangi itakayokuwa nayo chini ya finishi isiyo na rangi. Piga picha kwa simu ikiwa bado imelowa. Spiriti haiinui nyuzi za mbao kama maji, na ikishakauka unaendelea na kazi. Fanya hivyo mbali na jiko, sigara na mashine inayotoa cheche.

Kiangalie na kitambaa chenyewe. Kikitoka na wekundu, ujue rangi ya kiini hicho inayeyuka kwenye spiriti. Ukipaka shelaki (finishi ya magamba yanayoyeyushwa kwenye spiriti) kwa brashi au kitambaa juu ya ubao huo, utauburuta wekundu hadi kwenye weupe, na michirizi ya waridi utakayoiacha haitoki mpaka upige msasa upya. Mbao ya namna hiyo ipuliziwe mikono (yaani matabaka) miwili mepesi sana ya kuziba kwanza, kila mmoja ukauke, ndipo brashi iguse.

Panga mbao kabla ya gundi

Nusu ya kazi ya rangi hufanyika hapa, na haigharimu hata shilingi. Zikiwa zimelowa spiriti, zisogeze mbao mpaka macho yatulie. Weka weupe kwenye kingo mbili za nje za meza, au kutanisha weupe na weupe katikati ili uwe mstari mmoja mpana uliokusudiwa. Kinachoharibu meza ni weupe uliotawanyika: kipande huku, kipande kule, kama kiraka. Ukanda wenyewe mara nyingi ni sentimita chache tu, hivyo kama umbo la chombo linaruhusu, upasue utoke.

Jaribu pia kuugeuza ubao kichwa kuwa mguu. Nyuzi za mninga mara nyingi hupishana, tabaka moja likiegemea upande huu na tabaka linalofuata upande wa pili, na mwanga unaoangukia nyuzi hizo hurudi tofauti kutegemea umesimama wapi. Ubao unaoonekana mweusi kuliko jirani yake ukiwa mlangoni unaweza kuonekana mweupe ukiuangalia kutoka dirishani. Tofauti ya namna hiyo haina rangi ndani yake, na hakuna steini (rangi ya kutia mbao) itakayoiondoa. Zunguka meza pande zote nne kabla ya kukata shauri.

Weupe unaoliwa

Kiini cha mninga ni kigumu kwa wadudu. Weupe wake una wanga, na wadudu wanaobungua mbao kavu wanaupenda. Dalili ni vitundu vya milimita 1 hadi 2 na unga laini kama wa ngano unaodondoka chini ya kiti. Kwa hiyo ukiamua kuacha weupe, upake dawa ya mbao yenye boroni kwa kipimo cha kwenye kifungashio, uache siku tatu au zaidi ukauke, kisha upake finishi pande zote, pamoja na chini ya meza na nyuma ya kabati. Wadudu hawa hutaga mayai ndani ya vitundu vya asili vya mbao. Finishi ikiviziba, wanakosa mlango. Kupaka pande zote kuna faida nyingine pia: unyevu unaingia na kutoka kwa kasi ileile juu na chini, na ubao haujipindi.

Msasa

Ubao uwe mkavu, unyevu wa asilimia 10 hadi 14. Anza na namba 80 ikiwa kuna alama za mashine, kisha 120, kisha 180. Kwa mafuta au shelaki malizia na 220. Usiruke namba: mikwaruzo ya 80 haiondoki kwa 180, na steini itajaa ndani yake na kuonekana kama michoro ya kucha. Sehemu iliyokatwa kuvuka nyuzi, yaani vichwa vya mbao, ipande namba moja zaidi, maana hunywa finishi kuliko uso na huwa nyeusi.

Vaa barakoa. Vumbi la mninga huwasha pua, macho na ngozi, na kwa baadhi ya watu huleta pumu.

Ukimaliza, rudia kipimo cha spiriti. Mahali ambapo gundi nyeupe ilichuruzika na kupanguswa kwa kidole, mbao haitalowa. Patabaki doa lililopauka. Likwangue kwa patasi kali au kikwangulio na upige msasa tena. Doa la gundi unaloliona leo kwa shida, chini ya vanishi litaonekana kutoka mlangoni.

Ukiacha tofauti ionekane

Huu ndio uamuzi tunaoupendekeza kwa mbao nzuri iliyopangwa vizuri. Bado kuna la kuchagua, kwa sababu finishi zinazoitwa "hazina rangi" zina rangi yake kila moja.

Mafuta ya kitani na vanishi za mafuta zina umanjano. Weupe unaukubali umanjano huo na kuwa kama asali nyepesi, kiini kinazama na kung'aa kutoka ndani. Pengo linabaki, lakini rangi zote mbili zinakuwa za ukoo mmoja. Kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mkono wa kwanza changanya na tapentaini kwa uwiano wa 1 kwa 1, paka kwa wingi, ngoja dakika 15 hadi 20, kisha pangusa yote yasiyoingia. Ukiacha kimiminika juu ya uso kitakuwa gundi inayonata kwa wiki nzima. Rudia mara tatu au nne, siku moja au zaidi kati ya mkono na mkono. Vitambaa vya mafuta haya usivikunje wala kuvirundika: mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka moto lenyewe usiku. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au viloweke majini kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko.

Shelaki ya rangi ya chungwa inafanya jambo ambalo mafuta hayafanyi: inautia weupe rangi inayoelekea kiini bila kukibadilisha kiini sana. Yeyusha gramu 120 za magamba kwenye lita 1 ya spiriti ndani ya chupa ya kioo au plastiki, si kopo la chuma. Tikisa kila ukiikumbuka kwa siku moja, chuja kwa kitambaa cha pamba. Mikono mitatu hadi minne myembamba, kila mmoja ukikauka kwa saa moja hivi. Shelaki iliyokaa zaidi ya miezi sita inaweza kukataa kukauka. Dondosha tone juu ya kioo, na kama kesho yake bado linachukua alama ya ukucha, imwage. Udhaifu wa shelaki ni joto, spiriti na sabuni kali, kwa hiyo peke yake inafaa fremu, sanduku, kabati la nguo, si meza ya chakula.

Finishi za maji, zile za akriliki, ndizo zinazoacha weupe ukiwa mweupe kweli. Ukitaka mstari wa weupe uonekane kama ulivyochongwa, chagua hizi. Kiini chini yake huonekana baridi kidogo, kama kina vumbi; mkono mmoja wa shelaki chini yake unakirudishia uhai. Usitumie pamba ya chuma kati ya mikono: vipande vinavyobaki hupata kutu ndani ya finishi, na kwenye mbao yenye tanini (kemikali ya asili ya mbao inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma) kila kipande huacha nukta nyeusi.

Ukipunguza pengo

Kosa la kawaida ni kupaka steini meza nzima. Weupe unakunywa, kiini kinakunywa pia, vyote vinashuka ngazi moja, na umbali kati yao unabaki palepale. Steini ya unga mzito huongeza balaa jingine: chembe zake hujaa kwenye vitundu, na mistari mizuri ya mninga inakuwa matope.

Rangi iende kwenye weupe peke yake, na iwe ya kuyeyuka kabisa, isiyo na chembe za kutuama chini ya kopo. Chagua inayoyeyuka kwenye maji. Kwanza paka ukanda mwembamba wa shelaki upande wa kiini, sentimita 2 au 3 kando ya mpaka, kwa brashi ndogo ya uchoraji. Shelaki itazuia maji yenye rangi yasitambae kuingia kwenye kiini. Ndiyo sababu tunataka rangi ya maji: ya spiriti ingeiyeyusha shelaki na kupita.

Kisha changanya rangi kwa nusu ya nguvu iliyoandikwa kwenye pakiti. Anza na kahawia ya dhahabu. Lowesha weupe wote kwa maji safi kidogo, subiri ukauke, pitisha msasa 320 kwa mkono mwepesi kukata nyuzi zilizoinuka, halafu paka rangi. Acha ikauke kabisa. Sasa inaonekana imefifia na ya kusikitisha; usiihukumu hapo. Ipanguse spiriti uilinganishe na kiini kikiwa nacho kimelowa spiriti. Ikiwa bado nyepesi, paka mara ya pili. Mara ya pili au ya tatu ndipo uongeze tone la wekundu, kwa sababu wekundu ukizidi hautoki, na weupe uliozidiwa wekundu huonekana kama kidonda kinachopona.

Acha weupe uwe mwepesi kidogo kuliko kiini. Ukijaribu kuvilinganisha kabisa utapita kiasi, maana jua litaendelea kubadilisha kiini na rangi ya dukani kila moja kwa njia yake. Mpakani tumia brashi iliyokaribia kukauka, ukifuata nyuzi, ukivuta vistari vifupi vya urefu usiolingana. Mstari ulionyooka kama wa rula ndio unaomwambia kila mtu kwamba hapa pametiwa rangi.

Funga kazi yote kwa shelaki, pitisho moja tu bila kurudiarudia. Baada ya hapo msasa 320 kwa wepesi sana: ukitoboa shelaki ukafika kwenye rangi, doa jeupe linatokea, na kulirekebisha ni kuanza upya sehemu hiyo.

Mwenye kompresa na bunduki ya kupulizia ana njia nyingine: laka yenye tone la rangi ndani yake, ikipuliziwa juu ya weupe kwa ukungu mwembamba, mara nne au tano. Faida yake ni kwamba unaona pengo linavyofunga na unasimama unapotaka. Usipulizie nzito, kwa sababu rangi iliyo ndani ya finishi huondoka pamoja nayo ikichubuka.

Kuna wanaopendekeza kwenda kinyume, yaani kukipausha kiini kwa magadi makali na peroksidi. Dawa hizo zinaunguza ngozi na macho, na kiini cha mninga kilichopaushwa kinapoteza ule mng'ao uliokufanya ununue mninga. Hatuipendekezi.

Ukifunika

Steini ya rangi ya mahogani iliyokolea inafunika tofauti, na samani nyingi zinauzwa hivyo. Inafaa mbao mchanganyiko, zile zilizookotezwa kutoka kazi tatu tofauti. Tumia shelaki nyepesi (gramu 60 kwa lita) kwanza ili weupe usinywe kupita kiasi, kisha steini, pangusa, kausha, ziba. Epuka vanishi yenye steini ndani ya kopo moja: kila brashi inapopishana rangi inazidi, pembeni hujikusanya nyeusi, na kila mkwaruzo huonekana mweupe.

Tabaka la juu

Hapa chombo ndicho kinachoamua. Meza ya chakula, kaunta na kiti cha watoto vinataka poliyurethani, yaani vanishi ngumu ya plastiki. Mkono wa kwanza upunguze makali kwa asilimia 10 hadi 20 ya tapentaini au kiyeyushi kilichoandikwa kwenye kopo, kisha mikono miwili au mitatu kamili, msasa 320 kati yake. Lita moja hufunika takribani meta 10 za mraba kwa mkono mmoja, hivyo meza ya meta 1.8 kwa 0.9, juu na chini, mikono minne, inamaliza lita moja na zaidi kidogo. Nunua moja na nusu. Kama chini yake kuna shelaki, iwe iliyoondolewa nta, la sivyo poliyurethani inaweza kubanduka. Kuipata: iache chupa ya shelaki itulie siku mbili au tatu, nta itashuka chini kama maziwa, kisha mimina polepole ile iliyo safi juu.

Laka ya NC (ya nitroselulosi), na sanding sila yake (tabaka la kuziba linalopigwa msasa kabla ya laka), inapendwa karakana kwa sababu inakauka kabla ya chakula cha mchana. Sanding sila kwa tina (kiyeyushi chake), 1 kwa 1, mikono miwili, msasa 320, halafu laka 1 kwa 1 mikono mitatu. Inafaa kabati, kitanda, rafu. Kikombe cha chai ya moto kitaiachia duara jeupe, na kwa miaka inazidi kuwa ya manjano, jambo ambalo kwenye weupe linaonekana mapema.

Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wanaijua laka inayogeuka ukungu mweupe dakika chache baada ya kupuliziwa. Tina inaporuka kwa haraka huupoza uso, na hewa yenye unyevu inautua umande juu yake. Maji yananaswa ndani ya laka. Wakati wa masika usipulizie alfajiri wala baada ya mvua. Subiri jua lipande na uso uwe na joto la mchana, tumia tina inayoruka taratibu, na punguza unene wa mkono. Ukungu ukishatokea, siku kavu pulizia tina tupu kidogo sana juu yake. Mara nyingi laka hulainika, maji hutoka, na uwazi hurudi. Juu ya kiini cheusi ukungu huo unaonekana vibaya zaidi kuliko juu ya weupe, kwa hiyo kagua sehemu nyeusi kwanza.

Kipande cha majaribio na jua

Haya yote yajaribiwe kwanza kwenye kipande kilichobaki, chenye weupe na kiini pamoja, kilichopigwa msasa uleule hadi namba ileile. Kipande cha kiini peke yake hakikuambii lolote. Kipake hatua zote hadi tabaka la mwisho, si steini tu, na nyuma yake andika kwa penseli: namba ya msasa, uwiano, idadi ya mikono, tarehe. Miezi sita baadaye mteja akitaka viti vya kulingana na meza, maandishi hayo yatakuwa na thamani kuliko kopo lililobaki.

Kisha funika nusu ya kipande kwa karatasi ya alumini na ukiweke juani kwa wiki mbili. Ukiifungua utaona pengo kati ya weupe na kiini linaelekea wapi chini ya finishi uliyoichagua, na unaweza kurekebisha rangi ya weupe kabla hujaigusa meza. Ni kwa sababu hiyohiyo meza mpya isiwekewe kitambaa wala chombo cha maua kisichosogezwa kwa miezi ya mwanzo. Mahali palipofunikwa patabaki na rangi tofauti na sehemu nyingine, na kuparudisha ni kuacha uso wote wazi mbele ya mwanga mpaka palingane.